Shajara ya mradi: maganda ya .308 kwanza, baruti baadaye

Novemba, msimu wa kulungu umeisha

Naanza kuandika haya kabla sijanunua hata presi, ile mashine ya kujazia risasi. Nimeona watu wengi wanaoanza kujaza risasi upya wanakimbilia kwenye baruti na mizani na mambo ya spidi ya risasi, alafu maganda wanayamwaga tu kwenye ndoo wanasema haya yako poa si yamepigwa mara moja tu. Mimi naanzia upande wa pili. Hatua ya kwanza ya mradi ni maganda, na mpaka nifike mahali naokota ganda lolote la .308 Winchester (aina ya risasi ya bunduki za kuwindia) nakwambia hili limepitia nini, baruti siigusi.

Kwa asiyejua, risasi nzima ina vitu vinne tu, ganda la brasi, praima pale kitakoni, baruti ndani, na kichwa chenyewe kinachoruka. Ukifyatua, praima inakwisha kazi, baruti inaungua, kichwa kinaenda zake, kinachobaki mkononi ni ganda, na hilo ndo huwa la gharama zaidi kwenye vyote vinne, ndo maana watu wanaliokota na kulitumia tena na tena.

Hapa Missouri ninakoishi mtu kujijazia risasi kwa matumizi yake mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu, leseni inakuja pale unapotengeneza ili uuze. Ila ndugu yangu kama uko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, usisome hapa ukakimbilia dukani, sheria ya serikali kuu inawakataza wengi wa viza hizo kuwa na silaha na hata risasi, kuna misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, kwahiyo ongea na mwanasheria kwanza. Na nyumbani Tanzania au Kenya hili sio jambo la kufanyia gereji kabisa, sheria za silaha ni kali, Kenya hata uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku 1977. Mimi hata ganda tupu sisafiri nalo, napekua mifuko yote ya jaketi la kuwindia kabla sijafunga begi la kwenda nyumbani.

Sasa kwanini nimekomaa na ganda hivi. Presha ya juu inayoruhusiwa kwenye .308 kwa viwango vya Marekani ni 62,000 psi (pauni kwa kila inchi ya mraba). Tairi la gari dogo linabeba kama 32 au 35. Chuma cha chemba (tundu la bunduki ganda linapokaa) na bolti (kifungio cha nyuma yake) ndo vinabeba huo mzigo, sawa, lakini kinachoziba ni ganda, linavimba linabana kuta za chemba ili gesi isirudi nyuma usoni kwako, alafu linasinyaa kidogo uweze kulitoa. Linafanya yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Brasi yake ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, mchanganyiko unaovutika vizuri bila kukatika, lakini kila ukivimba na kubanwa tena kwenye dai (kalibu ya chuma inayolirudisha ganda kwenye saizi yake) unazidi kuwa mgumu, na kitu kigumu kinapasuka. Kwahiyo unavyokagua ganda unakagua ile sili iliyo kati ya sura yako na hizo psi zote, mimi nikishafikiria hivo uvivu wote unaisha.

Bado Novemba, kuchambua

Maganda niliyonayo yanatoka sehemu mbili. Kundi la kwanza ni langu mwenyewe, risasi za dukani nilizopiga na bunduki yangu ya bolti, nayajua tangu boksi likiwa jipya. Kundi la pili ni mfuko mkubwa wa mchanganyiko nilionunua kwenye maonyesho ya bunduki, muuzaji aliandika yamepigwa mara moja, na hapo ndo pana kazi maana mara moja kwenye bunduki gani?

Kabla ya chochote nimeyamwaga kwenye turubai na kutafuta vitu vya hatari. Kuna uwezekano wa kukuta risasi nzima ambayo haijalia, au ganda ambalo praima yake haina alama ya pini maana yake bado ni hai, hizo zinawekwa pembeni haziingii kwenye mashine ya kusafishia wala kwenye dai mpaka ujue unafanya nini nazo. Kingine ambacho sikukitegemea, ganda la .22 linapenya vizuri kabisa ndani ya shingo ya .308, nimekuta kadhaa yamejificha humo, ukichungulia kwa tochi unaona kitu kinang'aa kwa ndani. Yangu yote yalikuwa yameshapigwa lakini ingekuwa hai je. Kwahiyo kila ganda linapigwa tochi mdomoni na kugeuzwa juu chini kabla ya kwenda hatua nyingine, hakuna msamaha.

Baada ya hapo sumaku. Kuna maganda ya chuma yaliyopakwa rangi ya brasi, kwa macho yanakudanganya, sumaku inayanasa hapo hapo. Ya chuma naweka pembeni yote. Ya aluminiamu nayo hayajazwi tena, hayo unayajua kwa wepesi na rangi yake ya kijivu.

Alafu kusoma kitako. Pale chini kuna maandishi ya mtengenezaji na mara nyingi aina ya risasi. Soma yote, usisome nusu, kwasababu .308 ina watoto, .243 Winchester ya 1955 na 7mm-08 zote zimetokana na ganda la .308, kitako ni kile kile chenye upana wa milimita 12 hivi, kwa hiyo ukishika kwa chini vidole havikuambii tofauti. Hata 6.5 Creedmoor kitako chake ni saizi hiyo hiyo. Shingo ndo inasema, na maandishi.

Nimegawa kwa mtengenezaji, WIN peke yake, FC ya Federal peke yake, R-P ya Remington, PPU ya Serbia, na kundi la LC ambalo ndo nataka kuliongelea. LC ni Lake City, kiwanda cha risasi cha jeshi kilichopo Independence, hapa hapa Missouri, kipo tangu 1941. Ganda lake lina LC, tarakimu mbili za mwaka, na msalaba ndani ya duara ambayo ni alama ya NATO. Hiyo ni 7.62×51 ya jeshi iliyopitishwa na NATO 1954, wakati .308 ya kiraia ilishatoka 1952. Kwa nje zinafanana karibu kila kitu. Kwa ndani kuta za ganda la jeshi kwa kawaida ni nene zaidi, maana yake nafasi ya ndani ni ndogo, maana yake baruti ile ile kipimo kile kile inatoa presha kubwa zaidi kwenye LC kuliko kwenye WIN. Kwahiyo kuyachanganya sio swala la usafi wa meza, ni swala la presha. Kila kundi na boksi lake na lebo yake.

Desemba, kuosha, na mambo ya sumu

Nimejifunza usioshe kabla ya kuangalia. Masizi yanaongea. Masizi kidogo kwenye shingo kwa nje ni kawaida kabisa. Yakishuka mpaka chini ya bega, pale shingo inapopanuka kuwa ubavu, yakachafua ubavu wenyewe, ganda halikubana chemba vizuri, mara nyingi presha ilikuwa ndogo. Na ukiona weusi umezunguka praima pale kitakoni basi gesi ilivuja kupitia pale, hilo ganda naliweka pembeni lichunguzwe tundu la praima baadaye. Ukishaosha ushahidi wote umeenda na maji.

Kuhusu rangi, kuna kitu kinaweza kumtisha mgeni. Maganda ya LC yana doa la bluu na kahawia kwenye shingo na bega kama yameungua. Ni moto kweli ila wa kiwandani, shingo inapashwa ili brasi ilainike isipasuke, viwanda vingi vya kiraia vinafanya hivohivo ila wanang'arisha doa liondoke, jeshi wanaliacha. Kwahiyo doa hilo ni dalili njema.

Kuosha kwenyewe sijanunua tumbla bado, ile mashine ya kusafishia maganda. Wenye tumbla kavu wanatumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya wolnati, wenye ya maji wanatumia vijiti vidogo vya chuma kisichoshika kutu. Mimi kwa sasa ni ndoo, maji ya moto, sabuni ya vyombo na asidi ya limao kidogo sana, natikisa, nasuuza, nasuuza tena, natandaza kwenye taulo gereji na feni inapiga. Asidi ukizidisha au ukiyaacha muda mrefu brasi inageuka pinki kwa juu, zinki inaondoka inabaki shaba, kwahiyo usiyasahau humo.

Kitu cha kukataa moja kwa moja ni dawa za kung'arishia zenye amonia. Hii ina historia. Waingereza walipokuwa India, jeshi lao lilikuwa linakuta maganda ya risasi yamepasuka yenyewe msimu wa mvua, hayajapigwa, yamekaa tu stoo. Stoo zilikuwa karibu na mazizi ya farasi. Amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi pamoja na unyevu vilikuwa vinaishambulia brasi ambayo tayari ina mvutano ndani yake tangu ilipofinyangwa kiwandani, na mwaka 1921 ndo ikaelezwa vizuri kitaalamu. Hili limenikaa kichwani kuliko kitu kingine chochote nilichosoma mwezi huu. Yaani ganda linaweza kupasuka kwa hewa ya zizi tu, alafu mtu analipaka amonia kwa mkono wake ili ling'ae.

Na sumu. Praima za kawaida zina kemikali yenye madini ya risasi (lead, ile metali yenye sumu), ikiungua ule vumbi mweusi uliobaki kwenye ganda unayo ndani yake. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, hayo maji utamwaga wapi na watoto wanacheza wapi, na alikuwa sahihi kwahiyo tumekubaliana, hakuna ganda linaloingia jikoni, sinki la jikoni halihusiki, bakuli na taulo za kazi hii zinabaki gereji, glavu muda wote, sili wala sinywi chai huku nachambua, nikimaliza nanawa kwa sabuni na maji baridi na kubadili shati kabla sijambeba mtoto. Kama una watoto wadogo anza na hili kabla ya kununua kifaa chochote.

Desemba, macho na kucha

Sasa ukaguzi wenyewe. Vifaa: taa ya meza yenye mwanga mkali, kioo cha kukuzia, tochi ndogo, ukucha wa kidole gumba. Naanzia mdomoni nashuka, kila ganda, mpangilio ule ule, kwasababu ukiruka ruka utasahau sehemu.

Mdomo na shingo. Natafuta ufa wa urefu unaoanzia mdomoni kushuka, mwingine ni mwembamba kama unywele hauuoni mpaka uzungushe ganda taratibu chini ya taa. Shingo ndo inateseka zaidi maana kila ukijaza inabanwa, inapanuliwa, inabanwa, inakuwa ngumu inapasuka. Likiwa na ufa hata wa milimita moja halirudi. Mdomo uliobonyea kidogo hauna shida, zile bunduki zinazojitemea maganda zenyewe zinayagonga sana yakitoka, dai itanyoosha. Ila ukibonyea mpaka ukafanya kona kali au mkunjo, hapo brasi imeshavunjwa kwa ndani hata ukinyoosha, hilo nalitoa.

Mzee mmoja jirani yangu, Mmarekani, anajaza risasi tangu ujana wake, alikuja gereji akachukua maganda kiganja kizima akayatikisa taratibu. Akaniambia sikiliza. Mazima yanalia kwa sauti ya juu inayotetema, lenye ufa linatoa mlio mfu uliokaba. Akatoa moja moja mpaka akabaki na lile lenye mlio mbaya, tukaliweka chini ya kioo, ufa upo, mfupi sana, karibu na bega. Tangu hapo naanza na sauti kabla ya macho, napiga maganda matano matano kiganjani, nikisikia sauti imeharibika nagawa kundi mpaka nimpate mwenyewe. Haichukui nafasi ya macho lakini inakamata ambayo macho yamechoka nayo.

Bega na ubavu. Vibonyeo vidogo vya mviringo begani vinatokea mtu akipaka mafuta mengi kwenye ganda wakati wa kulipitisha kwenye dai, mafuta hayana pa kwenda yanasukuma brasi ndani. Kwa maganda ya mfuko nikiona hivo najua kuna mtu ameshayajaza kabla, kwahiyo ile habari ya mara moja imeishia hapo, na hilo ganda linahamia kundi la wasiwasi. Mikwaruzo ya ubavuni napitisha ukucha, ukucha ukiteleza naendelea, ukucha ukinasa natoa. Ufa wa urefu ubavuni ni kutupa bila mjadala.

Alafu kitako na praima kabla ya kuitoa. Praima iliyopigwa kawaida inabaki na pembe za mviringo kidogo pembezoni na shimo safi la pini. Ikiwa imelala bapa imejaa tundu lote mpaka huoni mpaka wake, au shimo la pini limezungukwa na kingo zilizoinuka, au imetoboka, hizo ni dalili za presha. Dalili nyingine ni alama inayong'aa kwenye kitako, duara au nusu mwezi, pale brasi iliposukumwa ikaingia kwenye kitundu cha ijekta (kipini kinachotema ganda nje) kwenye uso wa bolti. Mzee alinisisitizia usihukumu kwa dalili moja, praima nyingine ni laini zinalala hata presha ikiwa ya kawaida, na shimo lenye kingo linaweza kuwa ni tundu la pini kwenye bolti limepanuka tu. Ila alama ya ijekta na praima bapa na bolti iliyokuwa ngumu kufunguka, zote pamoja, ganda hilo halitakiwi na huyo aliyelipiga alikuwa mahali pabaya. Kwenye maganda yangu mwenyewe nimepata praima zilizolala kidogo tu, ijekta haijaacha alama, niko na amani.

Januari, ile duara

Hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu zote na naona ndo moyo wa kazi hii.

Ukishika ganda lililopigwa ukaangalia kule chini, juu kidogo ya kitako, kama sentimita moja hivi kutoka chini, unaweza kuona mstari unaozunguka. Mistari iko ya aina mbili na lazima uitofautishe. Wa kwanza ni mpaka wa kawaida, pale brasi nene ya kitako inapoishia na ukuta mwembamba unapoanza, ukuta umevimba kitako hakijavimba, kwahiyo unaona kama ngazi ndogo pana. Huo kila ganda linao. Wa pili ni mwembamba, unang'aa kuliko sehemu nyingine, kama mtu amechora kwa sindano kuzunguka ganda. Huo ndo wa hatari, kwa ndani ukuta umeshaanza kukatika.

Inatokeaje. Kama kati ya uso wa bolti na bega la chemba kuna nafasi kubwa kuliko urefu wa ganda, pini ikigonga inalisukuma ganda mbele. Baruti ikiwaka, kuta nyembamba za mbele zinavimba kwanza zinashika chemba haziendi popote. Kitako ni kinene hakishiki, presha inakirudisha nyuma mpaka kigonge bolti. Mbele imeshikwa, nyuma imeenda, kinachovutika ni ile sehemu ya katikati, juu kidogo ya kitako. Mara ya kwanza brasi inapungua unene. Ukija kulipitisha kwenye dai ukasukuma bega nyuma kupita kiasi unarudisha ile nafasi upya, ukipiga linavutika tena pale pale. Mwisho ganda linakatika vipande viwili ndani ya bunduki, unavuta bolti kinatoka kitako peke yake, na gesi kama imepata njia ya kurudi nyuma hilo ni jambo la macho na uso.

Sasa maganda ya LC kwenye ule mfuko. Mengi ya jeshi yamepigwa kwenye mashingani kama M240, na chemba za mashingani zinaachwa na nafasi kubwa makusudi ili silaha ifanye kazi hata ikiwa chafu na ya moto. Maana yake ganda linaweza kuwa limepigwa mara moja tu kweli, muuzaji hajadanganya, na bado limeshavutika sana. Ndo maana nilikuwa nauliza mara moja kwenye bunduki gani.

Jinsi ya kukagua kwa ndani: chukua klipu ya karatasi, inyooshe, ncha yake ikunje kona fupi sana kama ndoano, alafu inoe kidogo kwa tupa iwe kali. Ingiza mpaka chini, ncha iguse ukuta, vuta kuja juu taratibu. Ganda zima unasikia ncha inapanda kutoka kwenye unene wa kitako inateleza ukutani bila kukwama. Ganda lililovutika ncha inadumbukia kwenye mfereji, inanasa, alafu inatoka. Ukishaisikia mara moja huisahau. Fanya pande tatu au nne za ganda kwasababu mfereji unaweza kuwa mkubwa upande mmoja tu.

Sikutaka kuamini vidole tu kwahiyo nimechukua ganda la LC ambalo klipu ilinasa, nimelibana kwenye jiliwa, nimelikata kwa msumeno wa chuma kwa urefu kutoka mdomoni mpaka kitakoni, nikapiga msasa sehemu iliyokatwa. Pale klipu iliponasa ukuta umekuwa mwembamba ghafla, kimfereji kinaonekana waziwazi, juu yake unene upo, chini yake unene upo, katikati hamna kitu. Kwa nje mstari wake ulikuwa hafifu sana, ningeangalia kwa haraka ningelipitisha. Nimekata na moja la WIN la kwangu nikayaweka sambamba, ukuta wake unapungua taratibu kutoka chini kwenda juu bila kuruka popote. Hayo mawili yamekaa mezani mbele yangu kila ninapokagua, na kama unaanza nakushauri ukate yako, hakuna picha inayokufundisha kama hiyo.

Uamuzi wangu baada ya hapo, maganda yote ya LC yanapita klipu, moja moja, hata yale yasiyo na mstari kwa nje. Yaliyonasa nayabonda mdomo kwa koleo palepale ili hata mtu mwingine asije akayaokota akayajaza, yanaingia ndoo ya vyuma chakavu, brasi inauzika kwa uzito kwahiyo sio hasara yote. Limetoka kundi kubwa kuliko nilivyotegemea na siyahurumii.

Januari mwishoni, matundu ya praima

Hii naipitia haraka. Nimenunua dai ya kutolea praima peke yake, ya mkono, haihitaji presi. Kabla ya kuitumia chungulia ndani kwa tochi: tundu moja katikati ni mfumo wa Boxer, unaendelea. Vitundu viwili vidogo pembeni ni Berdan, ukiweka pini ya dai itavunjika, hayo yanatoka. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Marekani wanatumia ya Boxer na ya Berdan ndo unaikuta kwenye maganda mengi ya nje.

Maganda ya LC praima zake zimebanwa kwa nje na duara lililopigwa kitakoni, inatoka kwa nguvu zaidi, alafu ile kingo iliyobanwa lazima iondolewe kabla praima mpya haijaingia. Kuna kifaa cha kusukuma na kuna cha kukwangua, mzee ataniazima cha kukwangua.

Tundu likishakuwa wazi naangalia nyufa chini na kupima upana. Praima mpya ikiingia kwa kidole bila nguvu ganda limekwisha, kitako kimeshapanuka kwa presha, na hilo halirekebishiki kwa njia yoyote ninayoikubali. Yale yaliyokuwa na weusi kuzunguka praima nimeyapima ya kwanza, mawili matatu yamelegea kweli, masizi yalikuwa yanasema ukweli.

Februari, yalipofikia

WIN na FC za kwangu zote zimepita isipokuwa moja lenye ufa wa shingo. Ya mfuko yaliyobaki ni kama nusu hivi, LC ndo yamepungua zaidi. Kila boksi lina karatasi yenye mtengenezaji, yalikotoka, yamepigwa mara ngapi kwa ninachojua, na lini yalikaguliwa, kwasababu ukaguzi huu utarudiwa kila baada ya kupiga.

Urefu nimepima machache tu kwa kalipa kujua hali ilivyo. Mwisho wa urefu wa ganda la .308 ni inchi 2.015, yaani milimita 51.18, na linalozidi linakatwa mpaka inchi 2.005. Likiwa refu mdomo wake unabanwa mwisho wa chemba, unashikilia kichwa kisitoke, presha inapanda. Ila kipimo cha maana kinachukuliwa baada ya dai maana dai inarefusha ganda, kwahiyo kwa sasa sikati kitu.

Kinachofuata ni presi na kifaa cha kupimia bega. Nataka dai isogeze bega nyuma inchi 0.001 mpaka 0.002 tu kutoka lilipo baada ya kupigwa kwenye bunduki yangu, isizidi hapo, ili ile duara isianze kwenye maganda yangu mwenyewe. Nikishaipata nitaweka hapa vipimo vya bega kabla na baada ya dai, kwa WIN kwanza, LC zitasubiri.